Rivasi kwenye guta la kuunda: boksi likae wapi, cheni ikazwe vipi

Guta lililoundwa kutokana na pikipiki huenda mbele bila tatizo mpaka siku linapoingia uchochoro usio na pa kugeuzia. Mifuko 8 ya saruji ni kilo 400. Ongeza uzito wa guta lenyewe na dereva wake, kisha jaribu kulisukuma kinyumenyume kwenye mchanga wa Deep Sea hapa Tanga, au katikati ya vichanja vya machungwa soko la Mgandini asubuhi. Hapo ndipo habari ya rivasi, yaani gia ya kurudi nyuma, inapoanza kuulizwa.

Pikipiki ya cc 125 au 150 haina gia ya nyuma, na kupasua injini ili kuitia ni kazi isiyolipa. Dawa ni boksi la rivasi: kikasha cha chuma chenye spoketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya kupokea, spoketi ya kutoa na liva, yaani mkono wa kubadilishia. Liva ikiwa mbele, nguvu inapita kama ilivyoingia. Ikivutwa nyuma, gia ya kati inaingia na mzunguko unageuka. Boksi hukaa kati ya injini na ekseli, kwa hiyo cheni zinakuwa mbili: moja toka injini hadi boksi, nyingine toka boksi hadi ekseli. Maboksi haya huuzwa yakiwa tayari, wala hayasumbui sana. Kinachosumbua ni mahali yanapofungwa.

Kosa tunalolikuta karakanani mara kwa mara ni boksi kuchomelewa kwenye chasisi. Ekseli inacheza na springi, boksi limetulia. Umbali kati yao unabadilika kila tairi likiingia shimoni. Cheni inakaza, inalegea, mwisho inaruka meno au inakatika. Boksi lifungwe kwenye fremu ya nyuma ileile inayobeba ekseli, ili boksi na ekseli vipande juu na kushuka pamoja. Bawaba ya fremu hiyo nayo isogee karibu na spoketi ya injini kadiri nafasi inavyoruhusu, kama ilivyo kwenye pikipiki yenyewe. Hivyo cheni ya kwanza haivutiki kupita kiasi.

Cheni ya pili ndiyo yenye fitina. Ukienda mbele, upande wa juu wa cheni ndio unaovuta na wa chini unalegea. Ukitia rivasi mambo yanageuka: wa chini unavuta, wa juu unalegea. Fundi akiwa ameweka kikaza cha springi upande wa chini, rivasi ya kwanza yenye mzigo itakisukuma nje na kukipinda. Basi kikaza cha springi kiwekwe kwenye cheni ya kwanza tu, maana ile huzunguka upande mmoja siku zote. Ya pili ikazwe kwa kusogeza boksi: matundu ya kulifungia yawe marefu, boliti za milimita 10 zenye alama ya ugumu 8.8, nati za kujifunga. Acha mchezo wa milimita 15 hadi 20 katikati ya cheni, upime mtu akiwa amekaa na mzigo umepakiwa, si guta likiwa tupu. Na spoketi zilingane. Nyoosha uzi au rula ndefu kutoka moja hadi nyingine. Ukiona sahani za ndani za cheni zinang'aa upande mmoja, hazijalingana.

Sasa meno. Pikipiki yenye spoketi ya 15 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 2.8 (42 gawa kwa 15), na huo ni wa kubeba watu wawili. Kwa guta tunalenga mara mbili yake. Injini 15, boksi linapokea kwa 25. Boksi linatoa kwa 15, ekseli ina 50. Unapata 5.6 kasoro kidogo. Mwendo unashuka karibu nusu, ila klachi haiungui kwenye mwinuko. Cheni ya kwanza, saizi 428 inatosha. Ya pili tunapendelea saizi 520, iliyo kubwa zaidi, kwa sababu mzigo wake ni mkubwa zaidi. Spoketi ya meno 50 ya cheni hiyo ina kipenyo cha sentimita 25 hivi, hivyo kwa tairi la saizi 5.00-12 linabaki pengo la sentimita 15 tu hadi chini. Kwa tairi dogo zaidi usithubutu.

Ekseli iwe na difu, yaani gia zinazoruhusu tairi mbili za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ekseli moja nzima isiyo na difu ni rahisi, lakini kwenye kona tairi moja lazima liburuzwe, guta linataka kwenda moja kwa moja, na ufunguo wa spoketi (kijichuma kinachoishikiza spoketi kwenye ekseli) hukatika. Kuhusu bodi, kitovu cha mzigo kiwe mbele kidogo ya ekseli. Kikizidi nyuma, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani haushiki.

Kuendesha: simama kabisa, weka gia huru, ndipo uvute liva. Ikigoma, sukuma guta kidogo meno yakutane. Usilazimishe kwa mguu. Kumbuka kwamba gia zote za injini zinafanya kazi pia ukiwa rivasi, na hilo ni hatari. Tumia namba moja peke yake. Uma wa mbele umeundwa kufuata mwendo wa mbele; ukirudi kwa kasi unataka kujigeuza na kukupokonya mikono. Ukitaka kengele ya rivasi, tunafunga swichi kwenye liva.

Hewa ya chumvi ya hapa Tanga haina huruma na cheni. Wanaobeba samaki waioshe kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke, kisha oili, kila wiki. Oili ya boksi ikaguliwe peke yake. Ya injini haifiki huko.

Kadi ya usajili ya TRA (Mamlaka ya Mapato) imeandikwa pikipiki, si guta. Ulizia TRA na polisi wa usalama barabarani kabla chuma hakijakatwa, na bima vilevile.

Unapokuja karakana, njoo na idadi ya meno ya spoketi zako zote mbili, namba iliyo ubavuni mwa tairi, na uzito wa kweli wa mzigo wako wa siku, usiupunguze.