Bunduki moja haitoshi kazi zote tatu

Bwana Mhariri,

Makala yenu iliyosifu bunduki ya nusu-otomatiki kwamba yafaa kulenga shabaha, kulinda nyumba na kuwinda imenishangaza. Kwenye uwanja wa shabaha sibishi: gesi ya baruti hurudisha nyuma bolti (chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma), ganda likaruka na risasi nyingine ikaingia chemba, yaani tundu inamokaa kabla ya kufyatuliwa, bila msaada wa mkono, na kwa kuwa sehemu ya nguvu hiyo huishia humo, bega haliumii sana.

Uwindaji ni jambo jingine. Risasi ya milimita 5.56, inayotumika katika AR-15, bunduki ya nusu-otomatiki inayojulikana sana, ina kichwa chenye uzito wa takriban gramu 4 tu. Yaweza kumwangusha swala mdogo, lakini nyati akipigwa nayo ataingia kichakani na jeraha lake, na ole wake atakayemfuata. Wawindaji wa nyati huchagua risasi kubwa iitwayo .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, ambayo kichwa chake hufikia gramu 19.

Kuhusu ulinzi, mwandishi hakutaja kuta. Hapa Katuba nyumba zimebanana, na mlango wa mbao au bati havimkingi jirani aliyelala. Wala hakugusia kibali, ambacho sheria ya silaha ya Kongo ya 1985 inakidai.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi