Shukrani kwa fundi aliyevaa kofia ya viua, Malindi

Kaka uliyepanda jukwaani na bisibisi mfukoni, bendi zote tatu za roki zinakushukuru. Uliondoka kabla hatujakuuliza jina.

Ule mvumo mzito wa hezi 50 ulitoka kwenye nyaya za ethi, zile za usalama zinazopeleka umeme uliovuja ardhini. Amplifaya ya gitaa ilikula umeme wa soketi moja, mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) soketi ya mbali, na kebo ya sauti ikaziunganisha zikawa mzunguko. Ulizileta zote kwenye chanzo kimoja, mvumo ukakatika. Ahsante zaidi kwa kumkataza yule aliyetaka kukata waya wa ethi ndani ya plagi. Kelele ingepungua, ni kweli, lakini amplifaya ikipata hitilafu, mpiga gitaa anayegusisha midomo kwenye maiki ndiye angegeuka fyuzi.

Jeki (matundu ya kuchomekea kebo) zilizokwaruza ulizipangusa kwa spiriti, vyombo vikiwa vimezimwa. Hewa ya chumvi huku pwani huzila upesi.

Kisha ukapanga majaribio ya sauti kinyumenyume: bendi ya kufunga onyesho ijaribu kwanza, ya kufungua ijaribu mwisho, ili mipangilio yake ibaki kwenye mikisa watu wakiingia. Seti ya ngoma iwe moja, ila kila mpigaji aje na sneya (ngoma ndogo yenye nyaya chini), matoazi na pedali yake, maana hivyo ndivyo hupasuka na kuzusha ugomvi.

Utepe wako mweusi wa umeme tunao. Njoo uuchukue.