Salamu za Diwali na Kumbukumbu ya Waliosokota Uzi

Ndugu zangu mnaosherehekea Diwali, kuanzia Mombasa na Dar es Salaam hadi Gujarat kwenyewe, pokeeni salamu zangu za heri. Katika siku hizi ambapo wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua madaftari mapya ya hesabu na kuyaombea baraka, nawakumbuka watu waliosokota uzi vijijini wakati India ikidai uhuru, ambao jasho lao halikuandikwa sana popote.

Februari 1922, baada ya polisi kuuawa na umati huko Chauri Chaura, kaskazini mwa India, Gandhi alisimamisha kampeni ya kutoshirikiana na serikali ya Mwingereza, na mwezi uliofuata akafungwa. Congress, chama kilichoongoza harakati za uhuru, ikagawanyika. C. R. Das na Motilal Nehru walitaka kuingia katika mabaraza ya kutunga sheria ili waikwamishe serikali humo humo ndani, na hoja yao iliposhindwa katika mkutano wa Gaya, Desemba 1922, wakaunda Chama cha Swaraj, yaani cha kujitawala. Rajagopalachari, Rajendra Prasad na Vallabhbhai Patel walishikilia kwamba nguvu zote zielekezwe vijijini: kusokota na kufuma khadi (kitambaa cha uzi wa mkono), kuendesha shule, kuwatetea waliotengwa na jamii kwa kuitwa najisi, na kulinda udugu wa Wahindu na Waislamu.

Simpunguzii Das heshima yake, kwani aliacha uwakili uliompa utajiri mkubwa. Hata hivyo moyo wangu uko kwa wale wa vijijini. Desemba 1924, huko Belgaum, Gandhi akiwa rais wa Congress, iliamuliwa kwamba ada ya uanachama iwe uzi, yadi 2,000 kila mwezi, hivyo wakili wa mjini naye ilimpasa ashike pamba au amtafute wa kumsokotea. Sharti hilo liliwalemea wengi, na mwaka uliofuata likalegezwa.

Bardoli, wilayani Surat huko Gujarat, kazi haikukoma. Wahudumu waliishi katika ashram ndogo ndogo, yaani makazi ya pamoja ya huduma, wakiwafundisha Waadivasi, watu wa makabila ya asili, kusokota na kusoma, na kuwasihi waache pombe. Kwa hiyo mwaka 1928, wakulima walipogoma kulipa kodi ya ardhi iliyopandishwa kwa asilimia 22 hivi, Patel alikuta mtandao wa watu wanaoaminiwa tayari uko mahali pake. Mifugo ilikamatwa, mashamba yakataifishwa, nao hawakuvunjika. Baada ya uchunguzi, nyongeza ilishushwa hadi asilimia 6 hivi.

Kwenu nyote, na hasa wazee wetu wenye asili ya Surat, nawatakia Diwali njema na Saal Mubarak, heri ya mwaka mpya.