Mhariri, mashine pepe ikiwa nzito msikimbilie kununua prosesa

Ndugu mhariri,

Poleni na kazi. Nimesoma makala yenu kuhusu kampuni za Kampala zinazohamishia huduma zao kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya seva, nimeipenda, ila pale mlipoandika kwamba mashine pepe ikiwa nzito dawa ni seva yenye prosesa kubwa hapo nakataa kabisa, maana mtu atasoma atoe mamilioni halafu netiweki ibaki vilevile.

Mimi kazi yangu ni seva. Hesabu za kawaida mashine pepe inazifanya moja kwa moja kwenye prosesa, spidi karibu sawa na kompyuta yoyote, pa kukwama ni kwenye intarapti, yaani ile ishara ya kadi ya netiweki au diski kuiambia prosesa data imefika. Kompyuta halisi ina waya wake au ujumbe wa MSI, yaani intarapti inayotumwa kama ujumbe badala ya waya, mashine pepe haina, lazima kuna anayeigiza. KVM, ile sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, ilipoingia kwenye Linux mwaka 2007 kuigiza vifaa ilikuwa kazi ya QEMU, programu inayokaa nje ya kerneli (kiini cha Linux), sasa pakiti iko tayari ndani ya kerneli lakini inatolewa nje mpaka kwa QEMU, ndo QEMU igeuke tena iiombe kerneli ipige intarapti. Ni kama barua ya jirani wa ukuta mmoja ambayo lazima ikagongwe muhuri kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa mtaa, kwanza, na hapo tunaongelea maelfu ya barua kila sekunde.

Mwaka 2009 Gregory Haskins akaleta irqfd, na mimi naipenda kwa sababu ni ndogo. Inatumia eventfd, ambayo ni kaunta ya biti 64 tu inayoshikwa kama faili. QEMU inaitengeneza, inaikabidhi KVM pamoja na namba ya intarapti, halafu inakaa pembeni. Yeyote mwenye hiyo eventfd akiandika humo, KVM inapeleka intarapti kwa mashine pepe. Anayeandika hana haja ya kujua upande wa pili kuna nini, na KVM haiulizi nani kaandika! Ndo maana vhost ya netiweki, inayoshughulikia pakiti ndani ya kerneli bila kupitia QEMU, na baadaye VFIO inayoipa mashine pepe kifaa halisi, zilikuja zikachomeka hapohapo bila kuvunja kitu. Kwa safari ya kutoka mashine pepe kwenda nje kuna mwenzake ioeventfd.

Pagumu penyewe ni hapa, na ndipo nataka wanafunzi wetu wafikishwe. Eventfd inajua kusema "kuna kitu" basi, ukiandika mara kumi kabla haijashughulikiwa inaweza kutoka intarapti moja tu. Kwa MSI hakuna shida, dereva, yaani programu inayoendesha kifaa ndani ya mashine pepe, akiamka anamaliza foleni yote. Lakini laini ya zamani ya PCI, yaani ule waya wa intarapti, inabaki juu mpaka kifaa kitulizwe, tena vifaa kadhaa vinaweza kuchangia laini moja, sasa nani ataishusha na lini? Waandishi wa KVM hawakuilazimisha ishara ileile ibebe maana mbili, waliongeza eventfd ya pili ya kurudi: mashine pepe ikikiri imemaliza, KVM inashusha laini na kuandika kwenye hiyo ya pili, mwenye kifaa anaangalia tena, kama kazi bado ipo anaipandisha upya. Huo ndo ufundi, na sioni kwa nini kijana wa Makerere au Kyambogo amalize digrii bila kuusoma, wakati msimbo wote wa programu uko wazi, faili lenyewe ni virt/kvm/eventfd.c ndani ya Linux.

Kweli zipo prosesa zinazosaidia, kuna za Intel zinazoweza kuingiza intarapti bila kuisimamisha mashine pepe, ila hapo unanunua uwezo huo, hununui gigahezi.

Kwa hiyo naomba mrudie hiyo makala, na mwambieni msomaji kabla hajalipa hela aendeshe amri ya perf kvm stat kwenye seva mama, ile inayobeba mashine pepe, itamhesabia mashine pepe inasimamishwa mara ngapi na kwa sababu gani. Kama intarapti na vifaa ndo vinaongoza, aangalie kwanza kama vhost imewashwa.

Fundi wa seva,
Ntinda, Kampala