Sabuni itoke kabla ya pilau, si baada

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niseme jambo ambalo kila mtu hapa Mombasa analiona na hakuna anayelisema, nalo ni hii tabia yetu ya kutafuta sabuni tukishamaliza kula. Angalieni harusini, hitimani, hata majumbani mwetu tu. Kabla ya sinia kuwekwa watu wanalowesha vidole, basi, mkono uko ndani ya wali. Pilau ikiisha ndo utasikia "leteni sabuni jamani", manake mkono una mafuta na unanuka thomu. Yani harufu ya chakula ndo inatukera lakini uchafu wa noti, wa vyuma vya feri ya Likoni, wa nepi ya mtoto, huo tumeshaumeza.

Na hilo bakuli lenyewe ni balaa. Wazee wetu walikuwa na birika, kijana anapita anammwagia kila mgeni, maji yanaanguka kwenye besini na hakuna anayeyagusa tena. Sahi birika limekuwa pambo la kabati, linapitishwa bakuli moja watu wanachovya kwa zamu, likifika mwisho wa jamvi maji yashakuwa rangi ya chai ya maziwa na huko mwisho wamekaa nani kama si watoto? Kesho yake mtoto anaharisha tunasema ni meno yanaota, ama kapigwa jicho. Kuharisha, kipindupindu, homa ya matumbo, zote hizi njia yake ni mdomo, na mayai ya minyoo yanakaa chini ya kucha yanangoja tu.

Kuna wanaosema mie nimetoka msikitini nimetawadha. Sawa, Mungu akubali, lakini udhu wako haukuwa na sabuni na pale mlangoni ukapeana mikono na watu kumi kabla hujavaa viatu.

Najua mtu atauliza maji yako wapi. Haki yake, mifereji yetu inakauka, tunajua, wengi tunanunua mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni na ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu la maana. Lakini maji ya chumvi nayo yananawisha, ni kuongeza sabuni na kusugua zaidi, wala si lazima yawe moto. Na kunawa hakuhitaji maji mengi, unalowesha, unafunga mfereji ama unaweka birika chini, unasugua sekunde 20 kuanzia viganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kidole gumba (hiki ndo kinasahaulika sana), ncha za kucha, halafu ndo unajimwagia. Na usijifutie leso uliyoshinda nayo jikoni. Wakati wa korona 2020 kila duka lilikuwa na mtungi wa mfereji mlangoni na hakuna aliyelia maji hakuna. Mingine naiona sasa inauziwa juisi ya ukwaju.

Watoto msiwalaumu. Mtoto akitoka chuo (madrasa) ananunua viazi karai na achari anakula palepale na mkono uliotoka kuokota mpira mtaroni, kwa sababu nyumbani kamuona baba anarudi kazini anakaa moja kwa moja kwenye mahamri. Baba akinawa mtoto atanawa, haihitaji semina. Sanitaiza ni nzuri ukiwa njiani, ila mkono wenye tope ama mafuta haiuwezi.

Kwa hivyo ombi langu kwa wenye shughuli mwezi huu, kodisheni masufuria, kodisheni viti, na mabirika pia mtoe kabatini, mtu mmoja apewe kazi ya kupita na sabuni KABLA ya masinia. Na nyinyi wenye hoteli mnaoongeza maji kwenye chupa ya sabuni mpaka imekuwa maji matupu yenye rangi, wateja tunaona.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa