Kabula, huko Arusha nani atakuuliza?

Mwanangu Kabula,

Mwangaluka. Sisi huku Ilemela hatujambo, ziwa limetulia na chanja za kuanikia dagaa zimejaa. Baba yako bado anawaonesha watu ujumbe wako wa kupata kazi kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki huko Arusha, kila anapokwenda kunywa kahawa. Nami nilifurahi hivyo hivyo siku tatu nzima. Ya nne, nikigeuza dagaa juani, swali likanijia na mpaka leo halijaniachia: ukishakaa kwenye kiti hicho, nani atakuuliza?

Nikueleze ninachomaanisha. Mwaka ule waliponichagua mweka hazina wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi hapa mwaloni zinapotia nanga boti, wewe ulikuwa bweni, kwa hiyo hukuona. Mikutano yetu huitwa wakati wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawavuliwi na wavuvi wote wako nyumbani. Tulikaa chini ya mwembe. Nikafungua daftari la kaunta, nikasoma mapato na matumizi mpaka mwisho. Akasimama mama mmoja wa kuanika, mtoto mgongoni. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, umesoma mafuta ya boti ya doria mara tatu. Mimi nimeiona boti ikitoka mara mbili."

Yule mama nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, darasa la pili. Nikamjibu kwamba mara ya tatu upepo ulizuia, mafuta yako kwa katibu. Akasema, "Twende tukayaone." Tukanyanyuka wote, wanaume, wanawake, na watoto nyuma, mpaka nyumbani kwa katibu. Dumu likavutwa kutoka uvunguni, likafunguliwa, watu wakalinusa, tukarudi chini ya mwembe kuendelea na mkutano. Usiku ule sikulala kwa uchungu. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoishika kalamu nilimwona amesimama na mtoto wake mgongoni, na hesabu zangu hazikuwahi tena kuwa na mstari usio na maelezo.

Huko uendako hakuna mwembe.

Ule Mkataba wa Jumuiya ulioniachia Desemba nimeusoma wote, na kamusi pembeni. Ulisainiwa Novemba 1999, ukaanza kazi Julai 2000. Nimepiga kura tangu 1995 na sijawahi kukabidhiwa karatasi yenye jina la mbunge wa Afrika Mashariki. Kila nchi ina wabunge 9, na wetu huchaguliwa na wabunge wa Dodoma kwa niaba yetu. Nao wakishapitisha muswada, lazima Wakuu wa Nchi wauridhie. Ukirudishwa, ukapitishwa tena, na mkuu mmoja tu akakataa kuuridhia, umekufa. Mmoja, Kabula. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu nikidhani Kiingereza kimenishinda.

Usinielewe vibaya, sisemi tusiungane. Nimeishi kando ya maji haya maisha yangu yote, na sangara aliyezaliwa upande wetu anaweza kuvuliwa Uganda au Kenya. Tukitunza sisi peke yetu huku wenzetu wanakokota makokoro, tunajisumbua. Ndiyo maana nchi tatu zilianzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka 1994, makao yake Jinja, na ninaliunga mkono. Pale sokoni Kirumba Wakongo wanapakia dagaa wetu tangu zamani, kabla nchi yao haijaingia Jumuiya mwaka 2022. Watu walishaungana. Ninachotaka ni kwamba anayeamua kwa niaba ya wote hao awe na mahali pa kuulizwa.

Maana nimeona inavyokuwa pasipo na mahali hapo. Kuna msimu alikuja afisa mmoja akatuambia nyavu zetu za dagaa hazifai, matundu ni madogo. Labda alikuwa sahihi. Tukamuuliza imeamuliwa wapi. "Kwenye kikao cha nchi zote." Kikao gani? Nani alitusemea? Hakujua, maskini, naye alitumwa tu. Wavu ule kijana mmoja alikuwa ameununua kwa mkopo wiki tatu kabla. Aliukunja taratibu, pindo kwa pindo, kama mtu anayekunja sanda. Hakuwa na wa kumuuliza.

Na usidhani kuuliza hakusaidii. Wewe sheria umeisoma, unaijua kesi ya mwanasiasa wa Kenya, Anyang' Nyong'o, na wenzake, lakini ngoja niiseme ninavyoiona mimi. Mwaka 2006 walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki wakadai kwamba wale wabunge 9 wa Kenya hawakuchaguliwa na Bunge lao kama Mkataba unavyotaka. Novemba mahakama ikazuia wasiapishwe, na Machi 2007 ikatamka kwamba kweli, uchaguzi haukufanyika. Raia waliuliza, wakajibiwa! Lakini tazama kilichopita katikati. Desemba 2006, kesi ikiwa bado mezani, wakuu waliurekebisha Mkataba harakaharaka, wakaongeza sababu za kumwondoa jaji na wakaigawa mahakama ngazi mbili. Wanasheria wa Afrika Mashariki wakalipeleka hilo nalo mahakamani, na mwaka 2008 majaji wakasema wananchi walipaswa kushirikishwa. Wakasema hivyo, kisha marekebisho wakayaacha yasimame. Hapo niliufunga Mkataba nikatoka nje kuvuta hewa.

Kifungu cha 30 kinampa mkazi yeyote haki ya kushtaki, hata yule kijana wa wavu. Ana miezi miwili tangu uamuzi utolewe au kuchapishwa. Lakini aliujua lini, na kwa lugha ipi? Kifungu cha 137, kama kilivyoandikwa 1999, kilitaja lugha rasmi kuwa Kiingereza, na Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano. Mambo ya dagaa yanaandikwa kwa lugha ambayo muanika dagaa haisomi, halafu siku zinahesabiwa.

Babu yako aliiona Jumuiya ile ya 1967 ikifa mwaka 1977. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Alikuwa akisema hawakuulizwa ilipozaliwa wala ilipokufa. Na waandishi wa Mkataba huu mpya, kwenye utangulizi wao, wanakiri kwamba moja ya sababu za kifo kile ni sekta binafsi na asasi za kiraia kutoshiriki vya kutosha. Wameandika wenyewe, mwanangu. Uweke utangulizi huo karibu na meza yako.

Kwa hiyo ukipewa waraka wowote unaohusu ziwa, kabla hujaupeleka kwa mkubwa wako, jisomee kwa Kiswahili, kwa sauti, kama uko mbele ya yule mama. Pale utakapokwama, rekebisha hapo.

Nimempa mjomba wako furushi la dagaa wa chanja, wasio na mchanga, anasafiri Alhamisi. Ukilipokea nipigie, uwe na kalamu. Nataka majina ya wabunge wetu 9 na namna ya kuwaandikia. Nitayaandika kwenye ubao wa mwaloni kabla ya mbalamwezi ijayo, yule mama ameshaniuliza mara mbili.

Mama yako