Mjamzito alishwe tangu mwezi wa kwanza

Mhariri, huku mtaani mimba ya miezi miwili bado haihesabiki, mama anashinda na chai ya rangi na muhogo mpaka tumbo lionekane ndo anunuliwe mayai. Jamani! Kule Uholanzi majira ya baridi ya 1944-45 Wajerumani walizuia chakula, mgao ukashuka chini ya kalori 1000 kwa siku, na 2008 watafiti wakakuta waliotungwa mimba kipindi kile, washakuwa watu wazima wa miaka kama 60, wana alama chache za methili (vibandiko vidogo vya kemikali vinavyokaa juu ya jeni) kwenye IGF2, jeni inayohusika na ukuaji wa mwili, kuliko ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakutungwa wakati wa njaa ile. Jeni yenyewe ileile, kilichobadilika ni zile alama zinazoiongoza. Akina baba, maharage na mchicha viletwe sasa hivi, na kliniki aanze mapema.

Msomaji wako, Morogoro